Bibi Harusi wa Kwenye Chungu

Siku niliyoolewa, mama yangu alikuja na hotuba yake na akarudi nayo.

Ilikuwa mwaka 2012, Kibondo, bomani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenzangu mtu wa idara ya maji, Mhindu aliyezaliwa Tabora ambako kwao walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mama alitoka Munanila na kikapu cha maharage na kitenge kipya, akakaa kwenye benchi la nje kusubiri watu wa upande wa mume. Katika ukoo wetu binti hatolewi hivi hivi. Mama yake husimama mbele ya mama wa mume akasema: huyu hapa, nimemlea hivi, tabia yake ni hii na hii, mtunzeni. Yule wa pili hujibu kwamba wamempokea. Mama alikuwa ameyapanga maneno yake wiki nzima. Lakini maneno hayo lazima aambiwe mtu, na upande wa pili hakutokea mtu. Mama mkwe alikuwa amemwambia mwanawe kwa simu kwamba huko Tabora amebanwa na shughuli, na shughuli yenyewe sote tuliijua ni mimi. Tukatia saini, karani akagonga muhuri, tukanywa soda. Mama akasema kitenge kimenikaa vizuri, akaondoka.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo nalijua na wanafunzi wangu wanalijua. Lakini ile hasira ya bomani haikuwa ya karibu. Niliihifadhi vizuri, nikahama nayo.

Mwanzoni mwa 2013 tulihamishiwa Kasulu. Baada ya Pasaka baba mkwe akafariki. Kaka wawili wakubwa wa mume wangu walikuwa wameshahamia nje ya nchi, duka likauzwa, na mama mkwe akaja kukaa na sisi. Tulimwita Ba, ndivyo Wagujarati wengi wanavyomwita mama. Aliteremka kwenye gari na masanduku mawili, bweta la bati lenye miungu yake, na chungu cha mmea alichokuwa amekipakata mapajani tangu Tabora. Kabla hajanisalimia aliuliza jua linapiga upande gani wa nyumba.

Mmea wenyewe ulikuwa tulsi. Ukiutazama haraka utasema ni kivumbasi, maana ni ndugu, hata harufu zao zinafanana. Ba aliuweka uani juu ya matofali. Kila asubuhi aliumwagia maji, akauzunguka akinong'ona, akachuma jani moja akalitafuna. Nilipojaribu kuumwagilia siku moja nikiwa na nia njema, akanipokonya kopo. "Acha tu, mwalimu," akasema. Ndivyo alivyoniita, mwalimu, kama mtu aliyekuja shuleni kuulizia matokeo ya mtoto. Nilikuwa na digrii ya ualimu na nilikuwa nikiuonea wivu mmea.

Jikoni aligawa sufuria, zake na zangu. Mboga zake hazikuwa na kitunguu wala kitunguu saumu. Dagaa wangu niliwakaangia nje kwenye jiko la mkaa, nikihakikisha upepo unaelekea dirishani kwake. Sijivunii hilo, ila nalisema kwa sababu lilikuwapo.

Kasulu kuna baridi kwa mtu aliyezoea joto la Tabora. Ilipofika Oktoba na mvua kuanza, Ba akashikwa na kikohozi. Alikohoa asubuhi, alikohoa akisali. Vidonge vya hospitali alivimeza siku mbili akaviacha, akasema vinamchoma tumbo. Mume wangu alimnunulia dawa ya maji, nayo akaiacha. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na nilikuwa nikilala kule ndani nikijiambia kwamba ana mwana, mwanawe atashughulika.

Diwali ya mwaka ule tuliisherehekea kimyakimya kwa sababu ya msiba. Ilipopita, Ba akaanza kuzungumzia harusi.

Mume wangu ndiye aliyenieleza. Siku ya kumi na moja tangu mwezi wa Diwali uandame, Wahindu huuoza ule mmea wa tulsi kwa mungu wao. Kunakuwa na bibi harusi, kunakuwa na bwana harusi, na wazazi wa pande mbili. Watu wasio na binti huuoza mmea kama binti yao wa kumzaa, walau mara moja maishani, maana kwao kumtoa binti ni jambo kubwa, na asiyewahi kulifanya huona amepungukiwa. Ba alizaa wavulana watatu. Kila mwaka yeye na mzee walisema tutafanya mwakani, duka likawazuia, hadi mzee akafa. Ba alikuwa amemwahidi mzee kitandani kwamba ataifanya mwaka huo huo.

"Basi tutakaa mimi na wewe kama wazazi wa binti," nikamwambia mume wangu. Sikuwa na hamu hiyo, lakini nilijua ndivyo inavyotakiwa kuwa: mjane hakai, na sisi ndio mke na mume wa nyumba.

Akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Ba alikuwa ameshaita mke na mume wengine, Wagujarati wa Kigoma mjini, watu aliowafahamu kwa mbali tu. Kwa Ba, ndoa ambayo maharusi hawakuuzunguka moto haikuwa ndoa, ilikuwa mkataba wa kazi. Watu walitafutwa Kigoma kuja kukaa uani kwangu, juu ya mkeka wangu, kuwa wazazi, wakati mimi mwenye nyumba nakaribisha wageni.

Siku mbili sikuongea na mtu. Mume wangu naye, badala ya kuongea na mama yake, akafanya jambo la kiume: akampigia simu mama yangu. Harusi ya tulsi hufanywa chini ya kibanda cha miwa minne, na miwa ya Munanila ni mirefu. Akamwomba aje nayo. Mama akauliza ya nini. Akamweleza yote, kwamba ni harusi ya mmea. Mama akauliza kama kuna kamati.

Alifika siku moja kabla ya sherehe, saa tano asubuhi, miwa minne imefungwa kwa kamba ya mgomba, na chupa ya asali. Nilikuwa shule. Ndiyo mara ya kwanza wale mama wawili walikutana, na hakukuwa na mtu wa kuwatambulisha. Baadaye mama alinisimulia kwamba aliinama akapiga makofi taratibu, ile salamu yetu ya heshima, na Ba akakunja viganja viwili kifuani, yake ya heshima. Kila mmoja akasubiri mwenzake amalize. Kisha Ba akaanza kukohoa, akakohoa hadi akashika mlango.

Nilirudi saa tisa na nusu. Sebuleni, juu ya kigoda, kulikuwa na mtu aliyefunikwa blanketi gubigubi, blanketi langu la kitandani, na mvuke ukipenya kwenye mikunjo. Mama alikuwa amechuchumaa pembeni akilishikilia blanketi lisifunuke.

"Ni mkwe wako," akasema. "Anajifukiza. Kifua kile si cha kuacha, mwana wanje. Pale uani mna dawa imestawi hivi na mtu anakohoa ndani. Nikaichuma."

Harufu ikanifikia kabla akili haijafika. Nikatoka mbio uani. Kwenye chungu vilibaki vijiti saba vitupu na vijani vitatu chini kabisa, ambavyo nadhani mama aliviona ni vidogo mno kwa sufuria. Kwetu ukimchumia mgonjwa dawa huchumi kwa kubana. Tena hakuna aliyemwonyesha: mume wangu alikuwa kazini, mimi shule, na Ba hakuwa mtu wa kumwonyesha mgeni mmea wake.

Nikarudi ndani. "Mama," nikasema, "umempika bibi harusi."

Mama akacheka, akadhani ni utani. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Oya," akasema polepole, ile hapana ya kwetu. "Si kweli."

Hapo nikafungua mdomo. Nilimpayukia mama yangu mzazi, mwanamke aliyetoka Munanila na miwa mabegani, nikamwambia hajui kuuliza, nikamwambia nyumba si yake, nikamwambia nimevumilia miezi saba kwenye nyumba hii na yeye ameniharibia kwa nusu saa. Mengi ya maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya bomani, yalikuwa ya mtu aliyekuwa chini ya blanketi, lakini mama ndiye aliyekuwa karibu. Alibaki amechuchumaa vilevile, mkono mmoja umeshika pindo la blanketi.

"Mwalimu," sauti ikatoka ndani ya blanketi, nzito na yenye unyevu. "Punguza kelele. Mvuke unatoka."

Alikaa mle ndani hadi maji yakapoa. Kisha akajifunua, uso umelowa, nywele zimegandamana kwenye paji, akaingia chumbani kwake akafunga mlango bila kutazama uani. Mume wangu aliporudi alikuta miwa minne ukutani na wanawake wawili wasiosemezana jikoni. Akaangalia chungu, akaangalia sufuria, akaenda kuoga.

Nilijua mambo yamekwisha. Jani la tulsi huchumwa kwa kuomba radhi, moja moja, na mama alikuwa ameuvua mmea mzima. Miaka ya kusubiri, ahadi ya mtu aliyekufa, yote yalikuwa kwenye sufuria ya kuchemshia ndizi. Ba angemlaumu mama, mama angerudi Munanila kwa mara ya pili akiwa hajapokelewa, na mimi ningebaki katikati maisha yangu yote. Nilimwonea uchungu mama. Na kwa mara ya kwanza, niseme ukweli, nilimwonea uchungu Ba.

Asubuhi niliamka nikahisi kuna kitu kimepungua, ikanichukua muda kujua ni nini. Ba hakuwa amekohoa.

Saa mbili ikaja simu kutoka Kigoma. Mvua ilikuwa imenyesha, magari yamekwama kwenye tope, wale mke na mume wasingeweza kufika. Mume wangu aliwashukuru kwa Kigujarati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama naye alikuwa ameshafunga kikapu chake, yuko mlangoni na kanga kichwani. Ba akatoka chumbani. Alikuwa ameoga, amevaa sari yake nyeupe. Akapita katikati yetu hadi uani, akasimama mbele ya vile vijiti saba. Alisimama hata nikaanza kuhesabu matofali.

Kisha akageuka. "Mama Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Narudi, mama," mama akasema. "Nimewaharibia sherehe. Sikujua. Nisamehe."

"Mimi nilijua," Ba akasema. "Tangu pumzi ya kwanza. Huu mmea nimeulea miaka tisa, kila siku nautafuna, nitakosaje kuijua harufu yake?"

"Sasa mbona hukusema?" Mimi ndiye niliyeuliza.

"Ulikuwa umeshachumwa. Na ningesema, ningefunuliwa blanketi." Akavuta ncha ya sari yake begani. "Tangu mzee afariki, hakuna mtu aliyenifunika kitu."

Alilisema bila lawama, na ndiyo maana liliniingia. Tangu Oktoba nilikuwa nikimsikiliza akikohoa nyuma ya ule ukuta. Blanketi lilikuwa langu, sufuria ilikuwa yangu, dawa nilizaliwa nikiijua. Aliyekuja kumfunika ni mtu ambaye yeye Ba alikuwa amemwacha benchini Kibondo akimngoja. Niliona aibu, na sikuwa na mtu mwingine wa kumtwika aibu hiyo.

Ba akamsogelea mama. "Wale wa Kigoma hawaji. Atakaa nani upande wa binti?"

"Si mwanao na mkewe?" mama akasema.

"Mwanangu atamshika bwana harusi. Mwalimu atashika pazia." Akamgeukia mama. "Mimi sikuzaa binti. Wewe unajua kumtoa. Leo utakaa upande wa binti, na mimi nitakaa upande wa mume."

Mume wangu akasema kitu kwa Kigujarati, haraka, na nikaelewa hata bila kuelewa. Alikuwa anamkumbusha ile ahadi. Harusi ile ilikuwa yake Ba, ya kumtoa binti ambaye hakumpata, na sasa alikuwa anampa mtu mwingine nafasi hiyo. Tena mama alikuwa mjane kama yeye, na wajane hawakai. Ba akamjibu kwa Kiswahili ili tusikie sote. "Baba yako alitaka binti atolewe vizuri. Hakusema na nani."

Basi tukafanya harusi. Mchana ule Ba na mwanawe walikuwa wamefunga, wanakula viazi na karanga tu, na mama alishangaa siku nzima kwamba kuna watu wanafunga kwa kuyaacha maharage. Jioni, mvua ilipokatika, tukasimamisha ile miwa minne uani, tukaifunga juu iwe kibanda. Ba akakivisha chungu sari nyekundu, sari aliyoolewa nayo yeye, akaikunja hadi vile vijiti vikaenea. Akanipa bangili nivivishe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuugusa ule mmea akiniona. Nilivisha kijiti kimoja kimoja, na yeye akanielekeza upande wenye vile vijani ili visije vikakatika.

Bwana harusi alikuwa jiwe dogo jeusi, laini, ambalo Ba alilitoa kwenye bweta la bati na kuliosha kwa maziwa. Mume wangu akalishika kwa viganja viwili. Mama akainama kulitazama vizuri.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," Ba akasema.

"Ana kazi?"

"Hanywi pombe," Ba akajibu, na mama akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Ba naye akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka na nilishangaa kwamba ana sauti kubwa vile.

Wakakaa kwenye mkeka, wajane wawili, mmoja kila upande wa kibanda, taa ya samli katikati. Kwenye sinia kulikuwa na ukwaju, ndizi na vipande vya muwa. Mimi na jirani yetu, muuguzi wa hospitali aliyekuja kuona kunani, tukashika kitambaa cheupe kati ya bibi harusi na bwana harusi. Ba akasoma sala zake kwa muda, akanipa ishara, tukakiangusha. Akamwambia mama amimine maji kidogo, akishike chungu, akisogeze upande wa pili.

Mama akakishika. "Nisemeje?" akauliza. "Sala zenu sizijui."

"Sema ya kwenu," Ba akasema. "Mama wa binti huwa anasemaje?"

Nilimwona mama akiyatafuta maneno, na nikajua anayatafuta wapi. Alipoanza hakuangalia chungu, wala hakuniangalia. Alimwangalia Ba.

"Huyu ni mwanangu wa tatu," akasema. "Alizaliwa tukivuna maharage. Nimemlea mimi na baba yake, baba yake hayupo. Ni mkali, hilo siwafichi, alikuwa mkali kabla hajatembea. Lakini ukali wake uko mdomoni, mikono yake ni mizuri. Kuomba hajui. Akiumwa atasema hajambo, kwa hiyo msimwulize, mpeni uji. Akiwakosea, mwambieni mwenyewe, msiuambie ukuta. Mimi sina mwingine kama yeye. Mtunzeni."

Akasukuma chungu taratibu juu ya mkeka hadi kikagusa magoti ya Ba. Mimi nilikuwa bado nimeshika kitambaa kilichoanguka, nalia wazi, na jirani yangu muuguzi alikuwa ananitazama na kuutazama mmea asijue amlilie nani.

Ba aliweka mikono miwili juu ya ile sari nyekundu. Alipojibu hakutumia sauti ya sala.

"Nimempokea," akasema. "Nimechelewa, mwenzangu. Lakini nimempokea."

Mama akaitengeneza kanga yake kichwani. "Barabara za huku ni mbaya," akasema. "Mtu huchelewa."